JINA NA KITU: MAZINGATIO JUU YA SPIRITI YA MTI

 

Ndugu zetu wasomaji, katika darasa yetu ya usiku wa Ijumaa liliulizwa suali ambalo tangu siku ile halikutuondokea moyoni. Aliyeuliza alisema: “Mtu akinywa sumu hali ya kuwa yuadhani ni ulevi, akafa, damu yake i juu ya nani?” Kijana mmoja akawahi kujibu: “I juu yake mwenyewe. Angalikunywa maji angalikuwa hai.” Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, wala si kwa kuwa tu wema kuliko wao, bali kwa kuwa jawabu hiyo tuliijua sana. Ndiyo tuliyoitoa sisi wenyewe mwezi wa Mei 2014, zilipofika khabari za watu waliokufa Embu, Kitui, Makueni, Kiambu na kwingineko kwa kunywa pombe iliyotiwa sumu. Zaidi ya watu 60 walikufa katika muda wa siku chache, na wengine wakapofuka. Nasi siku hiyo tulisema: “Wamevuna walichopanda,” kisha tukaendelea na chakula chetu cha mchana.

Leo twataka kuyaeleza makosa ya jawabu ile. Na ili makosa yaeleweke, hatuna budi kwanza kukieleza kitu chenyewe na majina yake, kwani katika jambo hili jina limeua watu sawasawa na kitu.

Kitu hicho wataalamu wa leo wakiita methanoli. Lakini jina lake la zamani ni spiriti ya mti, na wengine waliita pombe ya mti. Sababu ya jina hilo ni kwamba watu wa Ulaya walikipata kwa kuchoma mbao ndani ya chombo kilichofungwa, kisha wakaukusanya mvuke na kuupoza hata ukawa maji. Mwingereza Robert Boyle alikitenga kwa njia hiyo katika mwaka 1661. Mwaka 1834 Wafaransa wawili, Dumas na Peligot, wakachunguza maumbile yake, wakakitungia jina kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, moja likiwa na maana ya mvinyo na la pili mti. Basi tazama ajabu hii: kitu kisichokuwa mvinyo hata kidogo kimepewa jina lenye mvinyo ndani yake. Kisha mwaka 1923 kiwanda cha BASF huko Leuna, Ujerumani, kikaanza kukitengeneza kwa wingi kutokana na gesi, pasi na mti wowote. Kwa hivyo jina hilo la kale likawa na uwongo mara mbili. Si pombe ya kunywewa, na aghlabu siku hizi hakitokani na mti.

Kina kazi zake za halali katika viwanda. Huingia katika utengenezaji wa rangi, gundi, vanishi na mafuta ya mitambo. Hatukilaumu kitu, kwani Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Khatari yake ni kwamba kwa macho ni cheupe kama maji, na kwa pua na ulimi hukaribiana mno na ulevi wa kawaida hata mnywaji asiweze kupambanua. Mtu akinywa hulewa kidogo, hulala, na huenda akaamka asione ubaya mkubwa. Lakini ndani ya mwili ini hukigeuza kitu kile kikawa fomaldihaidi, na hiyo nayo hugeuka ikawa asidi ya fomiki, nayo ndiyo tindikali iliyomo katika mwili wa baadhi ya sisimizi. Tindikali hiyo huichafua damu, na hushambulia mshipa wa fahamu unaopeleka nuru ya jicho kwenye ubongo. Haya huchukua saa 12, au 24, na pengine zaidi. Ndipo mtu huanza kuona ukungu, kuumwa na tumbo, kutapika na kuhema kwa nguvu. Mililita 10, nazo ni kadiri ya vijiko viwili vya chai, zaweza kumpofua mtu, na mililita 30 zaweza kumwua.

Mwaka uliopita safari ilitufikisha Kangari, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Murang'a, chini ya milima ya Nyandarua. Ni nchi ya baridi na ukungu, na kila uendako ni majani ya chai, kijani juu ya kijani. Mwenyeji wetu ni mtu wa kwetu Mombasa mwenye duka la nguo huko. Kibarazani pake huja kuota jua mzee mmoja, Mkikuyu asiyekuwa wa dini yetu, akishikwa mkono na mjukuu wake. Maisha yake yote alikuwa mchuma chai. Sasa haoni. Siku ya pili ya kukaa kwetu alitwambia: “Mwalimu, mimi sikatai, nilikuwa mlevi. Lakini siku ile nilinunua pombe, nikauziwa upofu. Wenzangu wawili waliuziwa kifo. Bei ilikuwa ile ile ya siku zote.” Kisha akauliza: “Katika dini yenu, aliyeniuzia yuaitwa nani?”

Hatukuwa na jawabu ya haraka. Tulimwomba ruhusa tufikiri, naye akacheka, akasema yeye wakati anao mwingi. Makala haya ndiyo jawabu yetu kwake na kwa yule kijana wa darasa.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni hili: je, jina hubadilisha hukumu ya kitu? Dini yetu imelijibu zamani. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa watakuja watu katika umma huu watakaokunywa ulevi wakiuita kwa jina lisilokuwa lake. Maana yake ni kwamba ulevi hubaki ulevi ijapokuwa umeitwa dawa, au burudani, au kinywaji cha wastaarabu. Wanazuoni wakaeneza msingi huo katika biashara na mikataba yote, wakasema kuwa linaloangaliwa ni maana na makusudio, si matamko matupu.

Lakini onyo hilo lina upande wa pili ambao hatuutazami sana. Ikiwa ni kosa kuupa ulevi jina jema ili unyweke, basi kosa lililo kubwa zaidi ni kuipa sumu jina la ulevi ili inunuliwe. Na haya hayakuanza kwetu. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa viwanda wa Marekani waliisafisha spiriti ya mti hata ikatoka ile harufu yake mbaya, wakaiuza kwa majina mazuri mazuri, mojawapo likiwa Columbian Spirits. Harufu ile mbaya ilikuwa rehema, kwani ilikuwa ikimzuia mtu asinywe. Wao waliiondoa harufu wakaiacha sumu. Mwaka 1904 matabibu wawili, Casey Wood na Frank Buller, wakatangaza khabari za watu wengi waliopofuka na kufa kwa kitu hicho. Na msidhani kwamba nchi za Waislamu zimesalimika. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, mamia ya watu walikufa katika Iran kwa kunywa methanoli, baadhi yao wakiwa wamesadiki uvumi kwamba pombe huzuia maradhi yale. Huko methanoli ya viwandani hutiwa rangi ili ijulikane, na wauzaji wa magendo huiondoa rangi hiyo kwa dawa ya kung'arishia nguo.

Huko waliondoa harufu, huku wakaondoa rangi. Kitendo ni kimoja, nacho ni kuifuta alama na kuibakisha dhara. Hiki ndicho Sharia ikiitacho ghushi. Sote twaijua hadithi ya yule mwenye chungu ya nafaka sokoni. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake ndani yake akakuta rutuba, na mwenye mali akasema ni mvua iliyonyea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuuweka ule ubichi juu watu wauone, kisha akamtoa katika safu yetu mtu mwenye kughushi. Nafaka ile ilikuwa na maji tu, na maji hayaui. Itakuwaje basi kwa mwenye kuficha kifo?

Katika Kenya yetu, mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa katika mitaa ya maskini ya Nairobi, khasa Mukuru kwa Njenga. Kinywaji kile kiliitwa kumi-kumi, kwa kuwa kikombe kilikuwa shilingi kumi. Hebu lifikirini jina hilo. Halisemi ni kitu gani, wala kimetoka wapi, wala nani amekipika. Lasema bei tu. Anayenunua huwa amekwisha ambiwa na ufukara wake kuwa asiulize zaidi.

Tena kuna jina jingine linalohusika, nalo latuhusu sisi tusiokunywa. Watu wa Kangari huamka alfajiri kuchuma majani mawili na chipukizi, kazi ya jasho na ya halali. Nasi Wakenya tumelichukua jina la jasho lao, chai, tukaliita rushwa. Afisa huambiwa “chukua ya chai”, na ulimi hauoni uzito wowote, kwa sababu neno ni tamu na lajulikana na kila mtoto. Lau ingalisemwa “chukua bei ya macho ya mzee fulani”, hapana mkono ambao ungalinyooka kupokea. Mwezi wa Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ya namna hii, na ikaelezwa kuwa pombe ile ilikuwa imekwisha kamatwa ikawekwa kituo cha polisi kuwa kielelezo cha kesi, kisha ikatoka ikarudi kwa wauzaji. Amana iliyowekwa chini ya kufuli ya serikali ikageuka bidhaa. Mahakama yana kazi yake, nasi hatumhukumu mtu. Twasema tu kwamba sumu haipiti katika milango mingi kama hiyo bila ya kuwako watu wengi waliogeuza nyuso.

Jambo la pili: je, yafaa kumzuia mtu na maasi kwa kumtilia sumu? Msishangae na suali hili, kwani limetendeka. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliruhusu spiriti ya viwandani isitozwe ushuru maadam imechanganywa na spiriti ya mti, ili isinyweke. Hiyo ndiyo asili ya ile spiriti ya kuwashia karabai tuliyoijua majumbani mwetu. Hadi hapo yaweza kuelezeka, kwani alama imewekwa na mtu ameonywa. Lakini Marekani, katika miaka ya 1920 hadi 1933 ulevi ulipopigwa marufuku, serikali ilijua vyema kuwa wafanya magendo waiiba spiriti hiyo na kuwauzia watu, na kuelekea mwaka 1927 ikaamuru sumu izidishwe. Watu wakafa. Charles Norris, aliyekuwa mganga mkuu wa uchunguzi wa maiti katika mji wa New York, akaishutumu serikali yake hadharani. Waliomjibu walisema maneno yale yale ya kijana wetu: wangalikunywa maji wangalikuwa hai.

Sisi ambao dini yetu imeharimisha ulevi tungalitazamiwa kuwaunga mkono watu wale. La, hasha. Sharia imeharimisha ulevi ili kuhifadhi akili na nafsi, na wanazuoni wamehisabu kuhifadhi nafsi katika makusudio makubwa ya Sharia. Vipi basi nafsi iuliwe kwa kisingizio cha kuihifadhi? Aliyekatazwa kuingia shamba haruhusiki kuchimbiwa shimo lenye miiba ya sumu. Kosa la mtu lina hukumu yake na kadhi wake, na halimfanyi kuwa windo la kila mpita njia.

Sasa turejee kwenye suali la mzee. Twaona dhima imegawika, na kila mtu atabeba fungu lake.

Mnywaji ana dhambi ya kunywa. Hatuipunguzi wala hatuifichi. Lakini hakukusudia kujiua, wala hakujua. Hesabu yake ya ulevi i baina yake na Mola wake, na mlango wa toba u wazi.

Muuzaji aliyejua ni mwuaji. Vitabu vyetu vya fikihi vimemjadili mtu amlishaye mwenziwe chakula chenye sumu naye hajui. Wanazuoni wamekhitilafiana katika adhabu yake, wala hawakukhitilafiana katika dhambi yake. Na muuzaji asiyejua, aliyenunua pipa bila ya kuuliza lina nini, naye hakuvuka. Mtume (s.a.w.) amemtwika dhamana mtu atibuye watu hali hajulikani kuwa na elimu ya utabibu. Ikiwa tabibu mjinga aliyekusudia kuponya yuashikwa na dhamana, muuzaji mjinga aliyekusudia faida hawezi kuponyoka.

Aliyepokea chai akafumba macho ni mshirika wao, kwani lango ni yeye aliyelifungua.

Na fungu la mwisho ni letu. Ni la sisi tuliosema “wamevuna walichopanda”. Hatukuuza, hatukunywa, hatukupokea. Lakini neno letu lilimtuliza muuzaji. Muuza sumu hawezi kustawi ila katika nchi ambayo watu wake wema wameamua kuwa wanaokufa hawana thamani. Akijua kuwa maiti zake hazitadaiwa na mtu, huongeza mapipa.

Atasema msemaji: “Nyinyi mashekhe mwawatetea walevi, na kesho vijana wetu watalegea.” Twamjibu kwa lililotokea zama za Mtume (s.a.w.). Alikuwako mtu aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi, akiadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza kumlaani, akamshuhudilia mtu yule kuwa yuampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ya Sharia haikuondoshwa, na heshima ya mtu haikuondoshwa. Mambo mawili hayo yalikaa pamoja katika msikiti mmoja. Sisi ndio tuliodhani kuwa hayakai pamoja. Mzee wa Kangari si wa dini yetu, lakini ni jirani wa ndugu yetu, na haki ya jirani haina masharti ya mihrabu.

Yako mengine katika jambo hili yanayomwonyesha mwenye akili upana wa Sharia. Matabibu wana dawa iitwayo fomepizoli, inayolizuia ini lisiigeuze methanoli kuwa tindikali. Wanapoikosa, huweza kumpa mgonjwa pombe safi kwa kipimo, kwa sababu ini hushughulika na pombe hiyo kwanza, na methanoli ikapata nafasi ya kutoka mwilini taratibu au kwa mashine ya kusafisha damu. Mafakihi wetu walikwisha sema zamani kuwa aliyekabwa na tonge, na asipate ila mvinyo wa kulisukumia, atalisukuma kwa mvinyo ili asife. Basi Mwislamu aliyefikwa na balaa hii asikatae matibabu ya daktari kwa kudhani kuwa yuaasi. Lakini hili ni la daktari hospitalini, si la jirani nyumbani, na mwenye kulifanya kwa kukisia ataongeza maiti.

Na kwa kuwa elimu isiyotendwa ni mzigo, twawausia ndugu zetu mambo machache. Kwanza, nyumba na maduka yenye spiriti ya aina yoyote yaiweke katika chupa yake yenye jina lake, na isihamishwe kamwe katika chupa ya maji au ya soda. Pili, kijana akirudi nyumbani kalewa, na siku ya pili akasema haoni vizuri au akahema kwa shida, msimfungie chumbani kwa kuogopa aibu ya mtaa. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, na mseme wazi alichokunywa. Aibu hupita, na jicho lililokufa halirudi. Wako waliopofuka kwa sababu jamaa zao walingoja giza liingie ndipo wawatoe. Tatu, mkijua mahali panapouzwa vitu hivi, semeni, na mkiombwa ya chai ili mnyamaze au mpitishiwe jambo, iiteni kwa jina lake la asili, rushwa, kwa sauti ya kusikika.

Tulirudi kwa yule mzee siku ya kuondoka kwetu. Tulimwambia: “Mzee wetu, aliyekuuzia akijua, katika dini yetu yuaitwa mwuaji, japo wewe u hai. Na aliyemwachia njia yuaitwa msaliti wa amana. Nasi tuliosikia khabari zenu tukaendelea kula, twakuomba radhi.” Akanyamaza kitambo. Kisha akamwambia mjukuu wake atuletee chai, na akacheka, akasema: “Chai ya kweli, mwalimu. Ya shamba.”

Tukainywa. Mwenyezi Mungu atujaalie tuvijue vitu kwa majina yake, na atuhifadhi na ndimi zetu. Amin.